Mfuko wa Ndani wa Sketi

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Natumaini kikohozi chake kimepoa. Huku tunasukuma siku, ingawa mgongo wa fundi cherehani anaujua mwenyewe.

Najua unasubiri habari za binti yako, Chiriku wetu. Tangu umlete kwangu atibiwe huku kukataa kula, tumezunguka hospitali mpaka walinzi wanatusalimia kama wafanyakazi wenzao. Daktari anampima damu na moyo. Mtaalamu wa lishe anampima uzito na kusema lazima amalize sahani. Mshauri nasaha anasema asilazimishwe kabisa. Kila mmoja ana chumba chake, kadi yake na siku yake. Nilipomuuliza wa lishe mwenzake kasemaje, alijibu kwamba kadi ya huko yeye haioni. Jamani! Vyumba vimetengwa na ukuta mmoja tu! Sasa mimi nyumbani nifuate la nani?

Chiriku, ambaye zamani aliongea hata usingizini, akawa kimya mezani, anakatakata mkate vipande vya kulisha sisimizi. Lakini uzito kwenye kadi ulipanda, nami nikakuandikia kwamba ananenepa. Ukafurahi. Wiki mbili zilizopita akaanguka mlangoni mwa duka langu. Daktari akasema moyo unapiga polepole mno, akashangaa kusikia kwamba chumba cha pili wanampongeza.

Uvumilivu ukanishinda. Nikaketi kwa muuguzi wa mapokezi, nikamwambia siondoki mpaka wale watatu wakae meza moja. Akasema nina kichwa kigumu kuliko meza yake, lakini akawaita. Sasa kuna faili moja, na kila Jumatano wanamwona pamoja, nami nikiwepo. Siku ya kwanza niliwaeleza jambo ambalo wewe sijakuambia.

Vyuma vyangu viwili vya kukandamizia kitambaa vilikuwa vimepotea. Asubuhi moja ya kupimwa, nikitaka kumpigia sketi pasi, nikavikuta kwenye mfuko wa ndani; kumbe uzito uliopanda ulikuwa wa chuma. Mfuko huo niliushona mimi. Aliniomba, akisema ni wa leso. Alinililia nisiseme, nikanyamaza wiki tatu, maana nilishakuandikia habari njema na niliona aibu kuzifuta. Ningesema mapema, huenda asingeanguka. Nisamehe, dada. Mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi niliyoficha hayakuwa hata yangu.

Bado hajapona, nisikudanganye tena. Ila jana aliketi kwenye kiti changu cha kazi, akaufumua mfuko ule mwenyewe, mshono kwa mshono. Akavirudisha vyuma mezani, kisha akaniuliza kama Jumatano mama yake atakuja. Nimemwambia kiti chako kipo.

Msalimie shemeji, na wote wanaoniulizia.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi