Wimbo wa Kulimia Ubaoni

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba. Hapa Tinde mvua imenyesha vizuri, na mama yako anapalilia pamba. Unauliza ile ruzuku ndogo ya chama chenu cha fasihi muitumieje kuwafundisha wachimbaji wa Geita kusoma. Miaka ya sabini chama chetu shuleni nacho kilipewa. Tulinunua ubao na vitabu vya kilimo bora tuwafundishe kina mama wa kijijini kusoma, lakini walikuja mara moja tu. Ndipo tukaandika ubaoni wimbo wao wa kulimia, unaomcheka mwanamume mvivu, nao wakarudi. Mama mmoja akagusa neno, akauliza, “Uvivu wa mume wangu ndio huu?” Kesho yake akamleta mumewe ajionee. Yule bwana akabaki darasani, ajifunze kuandika jibu.

Kabla hamjanunua chochote, hebu niambie: wachimbaji wa huko huimba nini?

Bibi yako