Siku ya Anga Safi Mlimani

Baba yangu mheshimiwa,

Amani ya Mwenyezi Mungu ikukute wewe na Mama mkiwa salama huko kwetu Bwiza. Goti lako linaendeleaje? Nasikia bado unalala chini ya magari ya wateja ilhali mafundi vijana wapo; nakuomba kwa heshima uwaachie sakafu hiyo. Mimi ni mzima, nakula vizuri, na swala sijaziacha, ingawa maji ya kutawadhia huku yanauma vidole.

Uliniuliza kama shahada yangu ya elimu ya maji imenipatia kazi ya maana. Najibu bila kusita: ndiyo. Nimo katika kikundi kinachokagua njia za miguu kwenye milima ya Alpi, hapa Uswisi. Majira haya ya kuchipua theluji inayeyuka, na kabla ya watu kuruhusiwa kupanda, sharti njia ikaguliwe. Bi Colette, mkuu wetu, alinipa njia moja kwa majaribio. Kama ningefaulu, ingekuwa chini yangu msimu mzima. Kama ningeshindwa, ningerudi kubeba vigingi nyuma ya Bruno, mwenzangu mzaliwa wa bonde hili. Kaka Radjabu alikwisha kunicheka kwenye simu: "We mutoto wa Bwiza, unatafuta nini mu barafu?" Nilikusudia kumjibu kwa vitendo.

Tulianza kupanda saa moja asubuhi. Theluji ilikuwa bado ngumu, ikilia chini ya buti. Katikati ya njia tulivuka kijito. Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu. Bruno alishauri turudi kabla ya adhuhuri. Nikamweleza, kwa ufasaha wote wa chuo kikuu, kwamba angani hapakuwa na wingu hata moja. Ndivyo ulivyotulea, Baba: kabla ya kuvuka mto Ntahangwa tutazame milimani, na kama hakuna mawingu, twende. Bruno akasema tukikwama daraja la juu la kuzungukia lipo, na miguu ni yangu. Nami, kwa hamu ya kumpendeza mkuu, nikamtumia Bi Colette ujumbe kwamba njia ifunguliwe Jumamosi. Kundi la wazee wastaafu lilikuwa likisubiri habari hiyo tu.

Tuliporudi saa tisa, kijito kilikuwa kinanguruma. Maji ya kijivu yalifika mapajani, yakibingirisha mawe. Jua lilikuwa limeyeyusha theluji ya juu tangu asubuhi. Huku, Baba, siku ya anga safi ndiyo siku ya mafuriko. Jambo hilo nililisoma darasani na mtihani wake nikaufaulu, lakini miguu yangu ilikuwa bado ya Ntahangwa.

Bruno, kwa wema wake, aliniambia, "Sema mvua imenyesha huko juu. Nani atapanda kuhakikisha?"

Niliwafikiria wale wazee na fimbo zao katikati ya maji yale. Nikapiga simu.

"Madamu, njia isifunguliwe. Nimekosea mimi."

Akauliza, "Asubuhi maji yalifika wapi?"

"Kwenye vifundo."

"Na sasa?"

"Mapajani."

"Andika hivyo hivyo, saa kwa saa. Na msithubutu kuvuka."

Tulizunguka kwa daraja la juu, kwa muda wa saa tatu nzima katika theluji iliyolainika hadi magotini, Bruno akiniita Profesa kila nilipozama.

Taarifa yangu Bi Colette aliisoma akiwa amesimama. Akaamua kwamba wazee wataenda, ila mimi mwenyewe nitasimama kijitoni. Jumamosi niliwavusha wote kabla ya saa nne, nikawarudisha kwa daraja la juu. Mzee mmoja aliniuliza kama kwetu kuna theluji. Nilimjibu kwamba hakuna, ndiyo maana naiangalia sana. Akacheka, akanishika mkono.

Nisalimie Mama, shangazi Zaina muuza vitenge, na babu, ambaye naomba dua zake. Radjabu mwambie bado niko mu barafu, na sasa nina njia yangu.

Kwa maana Jumatatu, Baba, nilikabidhiwa hati ya njia ile, ile inayobandikwa kwenye kibao pale njia inapoanzia. Huku mtu hutia sahihi kwa jina lake kamili, kwa hiyo kila anayepanda mlima ule husoma jina langu, kisha la kwako.

Mwanao mtiifu,
Idi Hamisi