Kifungo cha Nje, Dawa ya Asubuhi

Jumatatu, 3 Machi

Nimepewa kifungo cha nje. Hakimu alisoma haraka haraka, kama mtu anayesoma maelekezo ya kufunga feni. Nikikamatwa tena na unga wa kulevya, jela. Nikikataa matibabu, jela vilevile. Dada alikaa safu ya nyuma, mkoba mapajani, ameushika kwa mikono miwili.

Kisha ofisini kwa afisa wa probesheni. Mama wa makamo, miwani inaning'inia shingoni kwa uzi. Nitamwita Mama Miwani. Hakunihubiria. Alisema njia ziko tatu na nichague mwenyewe, maana anayechaguliwa njia na wengine hutoroka. Kuna soba – nyumba ya kupona, unalala hukohuko miezi sita, hakuna kazi, hakuna simu, ndugu wanakuja Jumapili. Kuna kliniki ya hospitali – kila asubuhi unakunywa methadoni, dawa ya kuzuia hamu ya unga, mbele ya nesi, halafu unakwenda zako kazini. Na kuna ushauri nasaha na kupimwa mkojo. Huu peke yake, alisema, kwa mtu wa unga wa miaka mingi ni kufunga kidonda kwa gazeti.

Jibu anataka Ijumaa.

Jumanne, 4 Machi

Dada anataka soba. Alisema akikunja nguo, bila kunitazama. Ukae huko mpaka unyooke.

Nikamwuliza, na binti yangu je?

"Binti yako analala kwangu tangu lini?"

Kweli. Mtoto ana miaka kumi na moja. Mimi ananiita mama, Dada anamwita Mama Mkubwa, na akiumwa usiku anamwita Mama Mkubwa.

Shemeji akashusha gazeti. Mwacheni aamue, alisema, mgonjwa ndiye anayejua panapouma. Dada akamjibu kwamba mgonjwa huyu akiachiwa kuamua, nyumba nzima itaumwa. Gazeti likapanda tena.

Jumatano, 5 Machi

Kazini nimepewa kochi la watu watatu la kuvisha upya, la ofisi ya wakili. Springi zimekatika, gunia limeoza. Ndani nimekuta kalamu, pini za nywele na jino la mtoto. Nikavuta mikanda mipya mpaka ikawa inalia ukiigonga. Hapo ndipo kwa kawaida moyo wangu hutulia.

Haukutulia. Miayo, pua, jasho la baridi. Arosto, mwili unadai unga. Mwenye karakana – sote tunamwita Mama Makochi – aliniletea chai ya moto akasema nimeiona rangi yako. Nikamweleza habari ya njia tatu. Aliuliza kitu kimoja: ipi itakuleta hapa asubuhi ukiwa na mikono yako?

Ya kliniki, labda.

"Basi usiniulize mengine. Mimi najua vitambaa."

Alhamisi, 6 Machi

Nilikwenda geti la hospitali kumtafuta Mrefu. Zamani tulivuta pamoja. Sasa yuko kliniki, anaosha magari, mashavu yamerudi. Nilimpita bila kumtambua, akacheka mpaka mlinzi akageuka.

Soba ameshakaa mara mbili. "Ndani nilipona mara zote mbili. Ugonjwa uko nje." Lakini hakuiponda. Kaka yake alitokea hukohuko na mpaka leo hajagusa. Kila mtu na mlango wake, alisema.

Ijumaa, 7 Machi

Nimechagua kliniki. Mama Miwani akaitikia kwa kichwa, akapiga simu papo hapo kuniombea nafasi. Dada amesema haya, tutaona.

Jumatatu, 17 Machi

Siku ya kwanza. Foleni ukutani, dirisha dogo lenye nondo. Kikombe cha plastiki, kidogo kama kofia ya chupa. Tamu, halafu chungu.

Nesi: Kunywa. Sasa maji. Sasa ongea.

Niseme nini?

Chochote, nisikie koo.

Nikasema leo kuna mawingu. Akasema haya, mwingine. Wanahofia watu wanaoificha mdomoni wakaiuze nje.

Nilifika kazini saa mbili na robo. Mama Makochi aliitazama saa ya ukutani, akanitazama mimi, akanionyesha kiti cha kinyozi kilichochanika.

Alhamisi, 10 Aprili

Hakuna jipya. Ndiyo habari yenyewe. Nalala. Nala. Choo kigumu, jasho jingi, nesi anasema ni kawaida, ninywe maji. Sijautafuta unga. Nilipita ile kona ya wauzaji jana kwa sababu ndiyo njia fupi, na nikagundua nimeshapita.

Jioni binti alikuwa na hesabu za sehemu. Hakuinua kichwa alipouliza:

"Mama, hiyo dawa utainywa mpaka lini?"

"Sijui."

"Kama bibi na dawa ya presha?"

"Kama hiyo."

Akasema sawa, akaniuliza robo tatu ukiigawa kwa mbili. Sikujua. Tukamfuata Shemeji, naye hakujua, akasingizia miwani.

Jumatano, 7 Mei

Mama Miwani amehamishwa. Mahali pake pamekaliwa na kijana. Shati limepigwa pasi hadi mikunjo inaweza kukukata. Amesoma, ana adabu, ananiita dada.

Anasema methadoni ni ulevi wenye kadi ya hospitali. Anataka watu wake wawe safi kabisa. Niache dawa, niingie soba, au atapeleka ombi kwa hakimu masharti yangu yabadilishwe. Nilimwambia kwamba nafanya kazi. Kwamba mkojo wangu wanaupima na hauna unga. Akasema hilo analiona, na anafurahi, lakini tusiridhike na nusu ya safari.

Mrefu naye yuko chini yake. Nilimkuta nje kwenye ngazi. Amekubali. Nikamwuliza kwa nini. Alisema amechoka kubishana na watu wenye mihuri.

Nimeomba muda wa kufikiri. Kijana amenipa.

Jumanne, 3 Juni

Mrefu amekufa.

Alipunguziwa dawa harakaharaka, akaingia soba. Jumamosi wakampa ruhusa akamwone mama yake mgonjwa. Alimwona mama, akamkanda miguu, akaaga. Wenzake walimkuta chooni kule alikokuwa akioshea magari.

Nesi alinieleza kupitia dirishani, polepole. Mrefu alirudia kipimo chake cha zamani cha unga. "Mwili unasahau. Mkono hausahau." Kisha akasema kunywa. Maji. Ongea.

Nikataja jina la Mrefu, lile la kwao, ambalo hapa hakuna aliyekuwa akilitumia. Nesi akasema haya.

Nimevisha stuli nne leo. Kitambaa cha kijani, misumari ya shaba. Zimetoka vizuri.

Jumatano, 4 Juni

Nilikwenda kwa kijana kabla hajaniita. Nikamwambia sitaacha dawa. Nikamwambia na sababu.

Alikuwa ameshapata habari. Macho mekundu, shati halikupigwa pasi. Alitoa kalamu mfukoni, akairudisha.

"Nilidhani namsaidia."

"Najua."

Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo. Wala sikusikia hasira, nilikuwa nikiitazama kola yake, uzi umechomoza. Nikafikiri: neno moja zaidi kutoka kwangu lingemtoboa roho, na neno hilo sina.

Lakini muda alionipa ulikuwa umeisha, na ombi lake lilishafika mahakamani wiki iliyopita. Kulirudisha, anasema, si kazi yake tena, ni ya hakimu. Tarehe kumi na mbili.

Jumapili, 8 Juni

Tulikwenda msibani kwa akina Mrefu. Dada akanifuata bila kuambiwa, akajifunga kanga, akaingia jikoni kuosha vyombo. Mama yake Mrefu amekaa juu ya mkeka, anamwambia kila anayeingia kwamba mwanawe alimkanda miguu.

Njiani kurudi Dada aliuliza: hiyo kliniki hufunguliwa saa ngapi?

Jumatatu, 9 Juni

Dada amekuja kliniki. Alivaa kama anakwenda benki.

Nadhani alitarajia moshi. Alikuta fundi bomba na begi lake la spana, mwalimu mstaafu, mama mwenye mtoto mgongoni, wote wamesimama wakilalamikia bei ya vocha. Mwalimu akamsalimia, akamwuliza kama ni mgeni. Dada akasema namsindikiza mdogo wangu. Sijamsikia akisema hivyo kwa muda mrefu, kwa sauti ya kawaida namna ile.

Alimshika nesi kwa maswali mengi. Soba ni mbaya? Nesi akasema hapana, wengine ndiyo inayowafaa, yeye mwenyewe huwapeleka. Ubaya ni kumkatizia mtu dawa iliyomkubali kwa sababu mtu mwingine haipendi.

Tukatoka hadi barabarani, Dada ameubana mkoba kwapani. Kisha: "Kumbe mnasalimiana."

Alhamisi, 12 Juni

Naandika kwenye benchi la mahakama. Shemeji kazini, binti shule. Dada kulia kwangu.

Asubuhi dirisha la dawa lilichelewa. Mwenye funguo za stoo hakufika. Nilingoja nilivyoweza, nikaondoka bila kunywa nisije nikachelewa huku. Huku nako tunangoja. Karani anasema nitaitwa wakati wowote, na nikiitwa nisiwepo itatolewa hati ya kukamatwa. Dirisha hufungwa saa sita.

Miayo imeanza. Pua pia. Nikisimama mbele ya hakimu hivi ataona teja wa unga, na kijana hatahitaji kusema kitu. Yuko mlangoni mwa ukumbi, anageuzageuza kalamu. Tulisalimiana.

Nimemwambia Dada hali yangu ilivyo. Alinitazama usoni sawasawa, kama anayekagua samaki.

"Nenda."

"Wakiniita?"

"Nitaitika mimi."

"Watajua si mimi, Dada."

"Watajua baada ya kuniuliza. Na nina mengi ya kuwajibu. Nenda, unanipotezea muda."

Akausogeza mkoba wake ukajaza nafasi yangu ya benchi.

Baadaye. Foleni ya kliniki. Nimekuja kwa pikipiki, naandika nimeegemeza daftari ukutani. Wamefungua, inakwenda. Mbele yangu fundi bomba na mwalimu. Sina hofu, au hofu yenyewe ipo lakini imesimama pembeni, inangoja zamu yake kama sisi.

Fundi bomba ameongea, ameruhusiwa. Mwalimu ananiambia nipite mbele yake, binti yangu, naona una haraka.

Simu inatetemeka mfukoni. Ni Dada.

Nesi anasema, anayefuata. Naiacha simu itetemeke, nasogea dirishani.