Waya wa Dele la Kahawa

Mwalimu Haji,

Waya umefika ulikotaka ufike. Mimi bado niko hapa.

Tangu ututoke ni miaka miwili, na maabara ya skuli naiangalia peke yangu. Nimehamishiwa ghorofa mpya za Michenzani. Maji hayapandi, nayapandisha mwenyewe kwa ndoo. Ruhusa ya kwenda kusoma nje nimeomba mara tatu. Barua ya kunisifu, ile uliyoitia saini umelala kitandani, waliipokea wakaniambia ningoje. Nimechoka kungoja, na saa nyengine nakuonea hasira wewe uliyenitia hamu kisha ukaondoka.

Unakumbuka tulivyokosa waya madukani? Ukachukua dele la marehemu mama yako, lile birika la shaba la kahawa, ukampelekea sonara aliyeyushe na kulivuta liwe waya. Sote tukasahau kwamba mkono wa dele ulishikwa na msumari wa chuma. Sonara alipouona msumari, ulikuwa umeshalika nusu ndani ya shaba iliyoyeyuka. Tulipopima, waya ule ulizuia umeme zaidi kuliko shaba yoyote ya maabara. Nikasema tuutupe.

"Usiutupe, mwanangu," ukanambia. "Una chuma ndani. Huo ndio nnaoutaka."

Ukanisomea jarida lako. Shaba ukiipoza, umeme hupita kwa wepesi zaidi. Lakini shaba yenye chuma kidogo sana, ikifika kwenye baridi kali mno, hugeuka, na ukinzani wake, yaani vile inavyozuia umeme, huanza kupanda tena. Kila chembe ya chuma ina usumaku wake, na elektroni zinazopita karibu nayo huzidi kukwamishwa kadiri baridi inavyozidi. Nilicheka. Baridi yetu sisi ilikuwa barafu ya kuwekea samaki tuliyoitia chumvi, na humo ukinzani ulishuka tu, kila tulipopima. Nikakwambia unaota. Ukakunja jarida, ukauweka waya ndani yake. Kicheko changu kile kinaniuma mpaka leo.

Mwaka huu mhandisi wa Kijerumani anayejenga ghorofa zetu alikwenda kwao likizo. Nikampa waya ndani ya kikopo cha poda, maana nduguye anafanya kazi kwenye chuo chenye baridi ya namna hiyo. Juzi kaniletea karatasi yenye mchoro wa ukinzani wa waya wetu kadiri ulivyopozwa. Mstari unashuka, unashuka, kisha chini kabisa unapanda. Ulikuwa sahihi, Mwalimu. Nilikaa ngazini na ndoo yangu nikalia kama mtoto.

Na karatasi yenyewe siwezi kumwonyesha mtu. Wataniuliza waya ulitokaje nchini, nani alimpa mgeni, kwa ruhusa ya nani, na fomu yangu ya kuomba ruhusa haitasomwa tena. Nimeificha chini ya godoro. Jana niliwachorea wanafunzi mstari ule ubaoni. Nilipofika chini kabisa, nikaweka chaki. Wamekwenda nyumbani wakijua unashuka tu, kama nilivyodhani mimi siku ile niliyokucheka.

Jumatatu nakwenda kuomba mara ya nne. Kwaheri, Mwalimu wangu. Mungu akupe huko chumba chenye dirisha kubwa, ulivyopenda. Nakuahidi hili: siku nitakayopewa ruhusa, au siku nitakayoacha kuogopa, yoyote itakayotangulia, nitaurudia ubao ule, niumalizie mstari wako mpaka juu, na pembeni yake niandike jina lako.

Mwanafunzi wako,
Zuhura