Jezi Namba Tatu Haijashonwa Jina

Jumatatu, 6 Agosti
Mazoezi ya futiboli ya Kimarekani, ile ya kudaka mpira kwa mikono, yameanza hapa shuleni. Jezi arobaini na moja, zote zinanuka kama mbwa aliyenyeshewa. Asante Bwana kwa pua uliyonipa, ila leo ungeiazima kidogo!

Kocha Tolliver kapita hapa chumba cha kufulia, kaegemea mlango. Ana mawazo. Mdakaji wetu wa pembeni wa mwaka jana kaenda chuo kikuu. Sasa mrushaji akiurusha mpira mbali, nani atakimbia kuudaka? Ndege? "Bi Odessa, wa maana ninao wawili tu," akasema. "Mpwa wako, na yule Boykin mgeni. Mechi ya kwanza Ijumaa ya wiki ijayo. Mmoja atavaa namba tatu."

Namba tatu! Aliivaa marehemu Lemuel wangu mwaka 83. Nikabaki nasugua kola na kutabasamu peke yangu kama zuzu. Dada yangu Vernell alipofariki aliniachia Dontavius ana miaka tisa, na Lemuel ndiye aliyemfundisha kudaka, uani, kwa viazi vitamu. Mipira ilikuwa ghali, viazi tulikuwa navyo gunia zima. Kilichoanguka tulikila.

Jumanne, 7 Agosti
Mama alifua jezi za shule hii miaka ishirini na mbili kabla yangu. Alinifundisha kuzisoma. Anayejitupa chini kuufuata mpira, jezi yake ina mstari mrefu wa kijani cha nyasi kutoka kifuani kushuka, na udongo umejaa kwenye mshono wa kiwiko. Anayengoja mpira umfuate mikononi – nyeupe, jasho tu. Siku moja akaninyooshea jezi ya Lemuel, nami hata salamu sikuwa nimewahi kumpa: "Kijana huyu haogopi ardhi. Ukiolewa naye utafua mpaka ufe."

Nikaolewa. Nikafua. Angeingia sasa hivi na tope mpaka masikioni, ningembusu hapo hapo mlangoni.

Jezi ya Cedarius Boykin leo: kijani kutoka kola hadi pindo, na damu kiwikoni. Ya Dontavius: nyeupe.

Jumatano, 8 Agosti
Ibada ya sala. Wenzangu wameombea wagonjwa. Mimi – Bwana nisamehe – nimeombea madoa.

Ijumaa, 10 Agosti
Kambare wa kukaanga, mkate wa mahindi. Nikamsimulia tena Dontavius jinsi Lemuel alivyodaka kwenye mvua na kuteleza na mpira kifuani hadi kwenye miguu ya wapiga tarumbeta wa bendi ya shule. Sentensi ya mwisho akanimalizia yeye! Tumecheka.

Kisha akauliza, "Anti, hivi kweli unamjua mtu kwa kuangalia jezi?"

"Kuliko daktari anavyomjua kwa kuangalia ulimi."

Hakucheka. Akajikatia kipande kingine cha mkate, hakukila.

Jumatatu, 13 Agosti
Madoa! Kifua kizima cha Dontavius ni kijani! Nimepiga kelele hadi Bwana Hosea mfagiaji kaja mbio na ufagio.

"Panya yuko wapi?"

"Si panya, ni madoa!"

"Mwanamke, duniani kote ni wewe tu unayeshangilia madoa."

Nikamfuata Kocha ofisini, sikungoja hata kukausha mikono. Nikamwambia mtoto wangu ameanza kujitupa. Akashangaa kidogo, mbona yeye hakumwona. Kisha akasema wachezaji ni wengi na macho yake ni mawili tu, na neno langu halijawahi kumpoteza.

Jumatano, 15 Agosti
Tena kijani. Nikachukua siki na brashi, nikaanza kusugua huku naimba.

Brashi ikasimama.

Doa lile linazunguka. Duara juu ya duara, kama mtu anayefuta meza. Viwiko vyeupe. Mishono haina hata chembe ya udongo. Anayeanguka akikimbia haanguki kwa duara.

Nikakaa juu ya ndoo. Hasira kwanza. Halafu aibu, tena yangu mwenyewe. Nani alimfundisha kwamba jezi husomwa? Nani amekuwa akimlisha namba tatu kila chakula cha jioni? Na maneno yameshanitoka kwa Kocha! Yule Boykin, mtoto wa watu, viwiko vimechubuka bure.

Alhamisi, 16 Agosti
Saa tisa alasiri. Kocha kaniachia mezani jezi namba tatu mpya na furushi la herufi. "Mshonee jina mpwa wako, Bi Odessa. Kesho ndiyo kesho." Nikasema sawa. Mimi, niliyebatizwa mtoni, nikasema sawa!

Dontavius alipopita kuchukua helmeti nikamwekea ile jezi ya jana mbele yake. Sikuwa nimemaliza kuifua.

"Mwanangu, hili umelipatia wapi?"

Akatazama viatu. "Nyuma ya jukwaa. Niliisugua kwenye nyasi." Halafu, "Anti, kudaka naweza. Kuanguka ndiko siwezi. Nikisikia wanaotaka kuniangusha wanakuja nyuma yangu, mwili unakataa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ukimsimulia Anko, uso wako unakuwa wa msichana. Nilitaka ubaki hivyo."

Nikasema tu kwamba nitakwenda mwenyewe kwa Kocha, neno nililimwambia mimi, nitalitengua mimi. Akakataa. "Wewe ulisema ulichokiona, Anti. Aliyekionyesha ni mimi." Akatoka bila helmeti.

Naandika hapa hapa juu ya mashine, mikono ipate kazi. Dirishani namwona uwanjani na Kocha. Boykin anakimbia peke yake ukingoni, hajui lolote. Kocha amevua kofia, anajikuna kichwa. Dontavius bado anaongea – mtoto ambaye kanisani hata matangazo hataki kusoma!

Sasa wamegeuka wote wawili, wanatazama huku. Kocha ananiita kwa mkono. Dontavius kasimama wima kando yake, hakuinamisha kichwa.

Bwana, mlango uko hatua nne tu, na mwili wangu nao unakataa.