Majivu Kwenye Jiko la Kioo

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, maana chakula napika lakini mwenyewe hakinishuki.

Mimi ni mpishi katika nyumba ya watumishi wa shirika moja hapa Ngara, na bosi wetu aliporudi likizo alileta jiko la umeme lenye uso wa kioo, halitoi moto wala halina waya wa kuwa mwekundu, akaniachia akaenda zake kambini, nami nikatoa sufuria zangu za alumini nilizopewa na mama nilipoolewa, nikamwambia msaidizi wangu Speciose, mkimbizi wa kambi ya Benaco, abandike maharage, naye kwa mazoea ya kuni akaipaka sufuria majivu kwa nje ili masizi yasigande, jiko likalia pii pii likazima, nikapangusa, nikajaribu sufuria nyingine safi, pii pii, basi bosi alipouliza nikasema, "Speciose ameliua kwa majivu," akafukuzwa siku hiyohiyo, na ana watoto watatu. Juzi nikaweka chuma changu cha chapati juu ya kile kioo, nikajaribu kubonyeza, kikapata moto mpaka nikaungua kidole! Jiko ni zima. Mume wangu Suleman anasema ninyamaze, nisije nikafukuzwa mimi. Nifanyeje?

Mwatumu, Ngara

Marahaba, Mwatumu. Pole kwa kidole. Kwa mengine sikupi pole.

Jiko hilo halitaki alumini wala chungu, linataka chuma kinachonasa sumaku. Toa sumaku kwenye spika ya redio mbovu, iguse kitako cha kila sufuria. Ikinata, pika. Isiponata, irudishe kwenye kuni, hata kama ni ya mama. Kitako kiwe bapa, kilichobonyea kitakupa joto nusunusu, na kienee kwenye mviringo uliochorwa. Sufuria inyanyue, usiiburute, utachubua kioo. Majivu ya nini tena, wakati hapo hakuna masizi? Lakini hayakuua jiko, na wewe ulijua tangu lilipoilia pii pii sufuria yako safi, maana jiko lililokufa halilii. Ulimsingizia mwenzio kwa kuwa hana wa kumsemea. Umenikera!

Kesho asubuhi, kabla bosi hajaondoka, bandika maji ya chai kwenye sufuria ya chuma mbele yake, yakichemka mwambie yote. Kisha panda gari la shirika mpaka Benaco, umwombe Speciose radhi, urudi naye. Suleman mwambie nimesema mimi. Ukifukuzwa, utarudi nyumbani kwako, kwa mumeo, kwenye sufuria za mama yako. Speciose alikuwa na kazi hiyo tu.