Makofi ya Salamu Hayana Pointi

Jumapili jioni, Kasulu. Mvua ilinyesha asubuhi kisha ikaghairi. Sasa kuna jua la kuanikia maharage. Nimeshiba, nimetulia, na nimeshika mkia. Nitaeleza.

Shajara, unaikumbuka raundi ya kwanza kule Kibondo wiki iliyopita. Shindano la rimiksi nililianzisha mwenyewe: washiriki sita, wote wanapewa sauti ileile, akina mama wa Rungwe Mpya wakiimba huku wanapura maharage, na kila mtu anaitengenezea mdundo wake. Raundi tatu. Mshindi anarekodi wimbo wake studio bila kulipa. Pointi niliwaachia watazamaji. Nilipata programu ya simu inayopima kelele, nikasema makofi yataamua. Nilijiona msomi.

Baraka, kijana wa hapa Kasulu, alipanda jukwaani, akainama kidogo, akasalimia kwa Kiha: mwidiwe. Sasa Muha ukimsalimia vile, mikono yake haisubiri kichwa. Ukumbi mzima ukamjibu kwa makofi, taratibu, kwa adabu, bibi mmoja hadi akapiga magoti. Simu yangu ikayapima yote. Baraka akawa anaongoza kabla hajabonyeza kitu.

Zawadi ni Mkongomani wa kambi ya wakimbizi Nyarugusu, alikuja na kibali chake cha kutoka. Kiha hajui. Alibonyeza tu, akakaa. Ukumbi ukanyamaza kumsikiliza, na simu haina pointi za ukimya. Akawa wa mwisho, na kwa sheria yangu wa mwisho anatoka.

Hakulalamika. Alinifuata nikiwa nakunja nyaya.

"Kaka, niko nauliza tu. Ile makofi ya salamu nayo mulihesabia?"

Nilimwambia nitaangalia. Ni jibu la ofisini, nami ofisi sina.

Wiki nzima nimeshinda nikipanga upya. Makofi nje. Nyimbo zinapigwa kwa namba, mwenye wimbo amekaa, hasalimii mtu. Majaji wawili. Nikawajaribu kwanza. Shabani, muuza simu, mtu mwenye ukarimu wa kwao pwani, kila wimbo aliupa nane au tisa, asije akaudhi mteja. Mama Anjelina wa kwaya alitoa kuanzia mbili hadi saba. Hapo nikashtuka: nikijumlisha alama zao, Shabani anakuwa pambo, anayeamua ni Mama Anjelina peke yake.

Basi na alama nje. Kila jaji anapanga tu, wa kwanza hadi wa mwisho, na hata mkarimu lazima amweke mtu chini. Shabani alinung'unika kwamba namfundisha roho mbaya.

Tena hakuna kutoka. Nafasi zinajumlishwa raundi zote tatu, ili anayejikwaa leo apate pa kuinukia.

Ikabaki kazi ya kumwambia Baraka kwamba uongozi wake unafutwa na raundi inarudiwa. Akigoma, vijana wote wa Kasulu wanaondoka naye na shindano limekufa. Nilijiandaa kwa ugomvi, hoja nikazipanga kama mwanasheria. Akacheka.

"Bro, niwekee namba. Hata mimi nataka kujua kama mdundo unatembea bila mdomo wangu."

Hoja zangu ninazo hadi sasa, mwenye shida nazo aseme.

Leo tumerudia. Kuna kitu sikumwambia mtu: ili kuupima mfumo, niliongeza namba saba, rimiksi yangu mwenyewe, niliyoitengeneza kwa mapenzi makubwa.

Zawadi wa kwanza. Baraka wa pili. Namba saba, kwa majaji wote wawili, mkiani. Shabani, yule asiyeudhi mteja, alininong'oneza kwamba huyo namba saba aende tu akalime.

Mfumo ni wa haki. Sikutegemea haki iwe na adabu mbaya namna hii, lakini ni wa haki.

Zawadi alipoitwa mbele alisita, akamtazama Baraka, Baraka akamwambia kitu sikioni. Akainama.

"Mwidiwe," akasema, kwa lafudhi ya kwao iliyolipinda neno zima.

Ukumbi ukamjibu kwa mikono, kwa muda mrefu. Simu niliiacha mfukoni. Mikono yangu yote miwili ilikuwa na kazi.